Ujumbe ni wa Mwenyewe

Siku sabuni ilipoingia Shinyanga, mji mzima ulipata habari kabla jua halijachomoza vizuri. Mwaka ule wa themanini na mbili mche wa sabuni ulikuwa kitu cha kuotea ndoto. Foleni ilianzia kwenye kaunta ya Mzee Narendra, ikatoka mlangoni, ikapita kwa fundi cherehani, ikaishia pale yanaposimama mabasi ya Tinde. Watu walisukumana, wakataniana, wakatukanana kidogo, kisha wakashikiana nafasi kama ndugu.

Limi alikuwa ameshafika ndani ya duka. Alivaa gauni la kitenge la manjano lililomkaa kiunoni, viatu vya raizoni vyenye soli nene, na nywele zake zilisukwa twende kilioni. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya pamba, binti wa Kishapu mwenye mdomo mwepesi, na alikuwa ameomba ruhusa ya nusu saa tu. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye sare ya kaki ya reli iliyopigwa pasi ikanyooka, kofia kaibana kwapani. Kijana huyo alikuwa anagonga kaunta kwa kidole. Anagonga, ananyamaza, anagonga tena. Na Mzee Narendra, badala ya kuhudumia watu, alikuwa anamjibu kwa kugonga penseli juu ya mizani.

"Kaka," Limi alishindwa kuvumilia, "hiyo kaunta imekukosea nini?"

Kijana akageuka. Macho yake yalikuwa ya upole, yenye kicheko kwa mbali. "Samahani, dada. Nilikuwa naongea na mzee."

"Mnaongea kwa kugonga kama vigong'ota?"

"Ni lugha ya waya. Mimi napokea telegramu pale stesheni. Mzee alifanya kazi hiyo hiyo miaka ishirini kabla hajawa mwenye duka."

"Na mmesema nini?"

"Ujumbe ni wa mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye nani?"

"Aliyetumiwa."

Mzee Narendra akacheka mpaka miwani ikateleza puani. Limi akahisi masikio yanamwaka. "Mmenisema mimi! Naapa mmenisema mimi!"

Kijana alinunua kiberiti, kiberiti tu, akatoka. Limi akapewa mche wake, na papo hapo Mzee Narendra akainua mikono kuutangazia umati kwamba sabuni imekwisha. Kelele zilizozuka hapo tusizisimulie. Limi alitoka na sabuni mkononi na udadisi moyoni, na nje akamkuta yule kijana anamngoja kwenye kivuli cha baraza.

"Naitwa Ansgar," alisema. "Ukitaka kujua tulichosema, njoo Jumamosi saa tisa, stoo ya nyuma ya duka hili."

"Nije stoo, na mwanamume nisiyemjua?"

"Kuna wazee watano, na mke wa mzee, Mama Kantaben, na chevda ya kutafuna."

"Chevda ya pilipili?"

"Ya pilipili."

"Basi nitakuja kwa ajili ya chevda," alisema Limi, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hiyo ilimgharimu sana, kwa sababu alitamani kugeuka.

Stoo ile ilikuwa makao ya Klabu ya Wapiga Waya. Huko miji mikubwa mitambo mipya ya kuchapa ilikuwa imechukua nafasi ya vidole vya watu, na vyombo vya shaba vilikuwa vinatupwa kama vyungu vilivyopasuka. Mzee Narendra alivikusanya. Kila Jumamosi wastaafu wa reli na posta walikaa mbele ya vigongeo viwili vilivyounganishwa kwa waya toka kona hadi kona, wakapigiana habari za mvua, bei ya pamba na ugomvi wa wake zao. Ansgar peke yake ndiye aliyekuwa bado kazini, maana stesheni ya Shinyanga ilikuwa bado inautegemea waya wa zamani.

Limi alikuja kwa ajili ya chevda, akabaki kwa ajili ya mlio. Vidole vilivyozoea taipu vilishika haraka. Ndani ya wiki tatu alijua herufi zote, kifupi na kirefu. Ndani ya miezi miwili alianza kuwatambua watu kwa mkono wao, kwa sababu kila mpiga waya ana mkono wake kama mwandiko: Mzee Narendra aligonga kwa kukaza, mkono wa Ansgar ulikuwa laini, wenye kusita kidogo kabla ya herufi ya mwisho.

"Unapomaliza," Mzee Narendra alimfundisha, "unapiga sabini na tatu. Maana yake salamu njema."

"Na ile themanini na nane niliyoiona kwenye daftari la klabu?"

Mama Kantaben, ambaye hakujua alama nyingine hata moja, alijibu toka mlangoni: "Hiyo mapenzi na mabusu, dikri, binti yangu. Usiipige ovyo."

Kulikuwa na kanuni moja tu ya kuapiwa. Mwanachama mpya, siku anapokubaliwa, huweka mkono juu ya kigongeo cha shaba na kusema: Nilichosikia si changu mpaka mwenyewe akisikie. Mzee Narendra aliwaeleza kisa chake. Zamani, katika stesheni moja, mpiga waya alisikia telegramu ya msiba, akatoka mbio kumwambia jirani yake kwamba mumewe amefariki. Mwanamke akalia, akanyoa nywele. Jioni mume akarudi na kuku mkononi. Aliyekufa alikuwa mtu mwingine mwenye jina lile lile, na mke wa huyo alizipata habari za mumewe kisimani, kwa midomo ya watu.

"Maskini, na nywele zake," alisema Limi. Alicheka. Hakujua kwamba kanuni hiyo ingemwendea mpaka rohoni.

Mapenzi yalikuja taratibu, kisha yakaja kwa kishindo. Ansgar alikuwa mtu wa Ushirombo, mtoto wa wakulima wa Kikatoliki wasiopenda makuu, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko urefu wake. Kutamka "nakupenda" kwa mdomo kulimtoa jasho. Kwa hiyo alipiga simu ofisi ya pamba.

"Halo, ofisi ya pamba," Limi angeitikia.

Hakuna sauti. Kisha penseli ingeanza kugonga kwenye mdomo wa simu kule stesheni, kifupi, kirefu, kifupi.

"Laini mbaya leo?" angeuliza Bwana Eustace, mkuu wake.

"Mbaya sana, bwana," angejibu Limi, uso umemwiva kwa furaha. "Inakwaruza tu."

"Hii nchi!" angesema Bwana Eustace, na kurudi kwenye mafaili yake.

Miezi sita ikapita hivyo. Ikafika Jumamosi moja ya Agosti, joto la kukausha koo. Wiki iliyofuata ndiyo Limi angeapa. Jioni hiyo Ansgar alikuwa ameahidi kumpeleka dansini, na Limi alikuwa tayari, gauni jekundu lenye mikono ya puto, hereni hadi mabegani.

Ansgar aliingia stoo saa tisa na robo. Alikuwa amekonda ghafla, kama mtu aliyeugua toka asubuhi. Mama Kantaben alimtia chevda kiganjani. Akala punje mbili, zilizobaki akazishikilia.

"Mtu wangu wa waya," Limi alimtania, "nimependeza au hukuja na macho?"

"Umependeza, Limi." Akamshika mkono, akaushikilia muda mrefu kupita mazoea. Kisha akamgeukia Mzee Narendra. "Baba, naomba baiskeli yako. Nitairudisha kesho jioni."

"Baiskeli? Na dansi je?" Limi aliuliza.

"Nisamehe. Nina safari ya kazi."

"Safari gani ya kazi Jumamosi saa hizi? Unakwenda wapi?"

"Siwezi kusema, mpenzi."

"Nenda basi," alisema Limi. "Na huyo unayemfuata kwa baiskeli umsalimie."

Aliondoka bila hata kumaliza kikombe cha chai. Limi alirudi chumbani kwake Ngokolo, akavua hereni, akalala kwa hasira. Hakujua kuwa alikuwa na saa chache tu za kukasirikia jambo dogo.

Jumapili alasiri lori la pamba lilisimama mbele ya nyumba aliyopanga. Akateremka baba yake mzazi, kanzu imejaa vumbi la Kishapu, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia njiani. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Shikamoo baba. Kuna nini?"

"Marahaba, mayu, mama. Keti kwanza."

Hakuketi. Aliichukua karatasi. HERMAN AMEFUKIWA SHIMONI GEITA. WANACHIMBUA. BADO HAJAPATIKANA. NJOO.

Herman alikuwa mdogo wake, wa pekee, aliyekwenda machimboni mwaka uliopita akiahidi kurudi na ng'ombe wa kujaza zizi. Limi alilia mpaka sauti ikamkauka. Na alipofuta macho ili aisome tena karatasi, akaona alichokuwa hajakiona. Pembeni paliandikwa saa ya kupokelewa: Jumamosi, saa saba na dakika kumi mchana. Na chini yake herufi mbili kwa mwandiko anaoujua: AG. Sahihi ya Ansgar.

"Nani alikuletea hii, baba?"

"Mtu wa baiskeli," alijibu baba yake, kisha akainamisha kichwa. Hakutaka kuongea, na Limi hakuuliza zaidi. Hasira ilikuwa imemziba masikio. Neno "baiskeli" lilipita hapo hapo mbele yake na hakuliona.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi alipita ofisini kuomba ruhusa. Kabla ya kwenda kupanda treni ya Mwanza pamoja na baba yake, alinyanyua simu.

"Stesheni," sauti ya Ansgar iliitikia.

"Ulijua."

"Limi..."

"Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Saa saba na dakika kumi. Saa tisa na robo ukanishika mkono huu huu. Nikakuuliza kama nimependeza, Ansgar! Mdogo wangu yuko chini ya udongo, nami nimevaa hereni, nawe unanitazama!"

"Ilikuwa ya baba yako. Mimi sikuwa na..."

"Mimi ni nani kwako? Mtu wa barabarani? Hiyo kanuni yenu ya stoo ndiyo kubwa kuliko mimi?"

"Nisikilize dakika moja, laazizi."

"Usiniite hivyo. Na kwenye hicho kigongeo chenu mkono wangu hautafika kamwe."

Akakata. Bwana Eustace, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Treni ya Mwanza ilikuwa inachelewa, kama kawaida yake. Jukwaa lilijaa mizigo, kuku waliofungwa miguu, na askari wawili waliolala juu ya mabegi yao. Mwamvua muuza maandazi alipita na ungo kichwani, akaona uso wa Limi, akaacha maandazi mawili bila kusema kitu. Baba yake alikwenda bombani kuchota maji ya safari. Limi alibaki kwenye benchi, na benchi hilo, kwa bahati, lilikuwa chini ya dirisha la chumba cha waya. Hakuinua macho. Alijua nani yuko ndani.

Chombo kikaanza kugonga.

Hakutaka kusikiliza, lakini sikio likishajifunza halina mlango wa kufungwa. Mwanza inaita. Shinyanga inajibu. Kisha polepole, kwa mkono mgeni mzito: jina la baba yake. Kishapu. Kisha H. E. R. M...

Limi alisimama. A. N. Kisha A. M. E... Na hapo injini ya treni ya mizigo iliyokuwa inaegeshwa ikapiga honi, ndefu, isiyo na huruma, ikafunika kila kitu. Iliponyamaza, chombo nacho kilikuwa kimenyamaza.

Ame nini? Amepatikana? Amezikwa? Amefariki? Limi alishika nondo za dirisha. Ansgar alikuwa ameinama, anaandika. Alipoinua kichwa macho yao yakakutana, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Machozi ya nini, hakuna aliyeweza kujua.

"Niambie," alisema Limi. "Neno moja tu. Ansgar, nakuomba kwa Mungu."

Ansgar aliweka saa, akaweka herufi zake mbili, akakunja karatasi. Akatoka mlangoni. Akampita Limi, alimpita kabisa, mabega yao yakakaribia kugusana, akaenda kwa hatua ndefu mpaka bombani. Mbele ya mzee aliyelowa mikono akavua kofia, akapiga goti, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba. Hii ni yako."

"Marahaba." Mzee alifuta mikono kwenye kanzu, akaipokea. Hakujua kusoma, wala hakuona aibu. "Nisomee, kama jana."

"Leo mwanao yupo, baba."

Mzee akamgeukia Limi aliyekuwa amekimbia nyuma yao. "Soma, mayu. Soma kwa nguvu."

Limi alifungua. Herufi zilicheza mbele ya macho yake mpaka akazishika moja moja. "Herman... ametolewa... hai." Akarudia kwa kelele, jukwaa zima likageuka. "Hai, baba! Ametolewa hai! Mguu umevunjika. Yuko hospitali. Anaomba ugali!"

Hilo la ugali lilikuwa limeandikwa kweli. Herman alikuwa Herman hata akitoka kaburini. Baba yake alikaa chini pale pale kwenye tope la bomba, akacheka, akalia, akasema "Wabeja, Mungu, asante," mpaka Mwamvua akaanza kupiga vigelegele na askari wakaamka wakidhani kuna hatari. Toka jana alasiri Limi alikuwa amebeba jiwe kifuani, na sasa pumzi iliingia hadi chini.

Mzee alipopata sauti alimshika Ansgar bega. "Kijana, na wewe magoti yamepona?"

"Yamepona, baba."

"Magoti gani?" aliuliza Limi.

"Huyu si ndiye mtu wa baiskeli! Basi la Kishapu ni Jumanne. Yeye akaja na baiskeli, akaanguka kwenye mchanga wa korongo, akafika kwangu Jumapili kabla ya misa, damu zinamtoka. Akanisomea taratibu, mara tatu. Akakaa nami mpaka nikaacha kutetemeka." Mzee akapenga kamasi. "Akaniambia, baba, nikirudi nimpitie binti yako nimwambie? Nikamkataza. Nikasema habari ya mwanangu kwa mwanangu naipeleka mwenyewe. Ningeipata sokoni, mayu, katikati ya watu na mbuzi, ningekufa."

Limi alimtazama Ansgar. Akayaona sasa: suruali ya kaki, iliyokuwa haijapata kuwa na kasoro hata siku moja, ilikuwa imeshonwa viraka viwili magotini kwa uzi usiolingana.

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Ulikata."

"Ningekata hata ungekuwa unaniokoa na moto," alikiri Limi, na wote wawili wakacheka kicheko chenye machozi. Alitaka kusema zaidi, lakini treni ya Mwanza, iliyochelewa saa mbili, iliamua kufika dakika hiyo hiyo. Watu wakavamia milango. Herman alikuwa hai lakini alikuwa peke yake na mguu uliovunjika, ilibidi waende.

Limi alipata nafasi dirishani. Treni ilianza kujongea. Kelele zilikuwa nyingi mno kwa maneno, kwa hiyo akavua pete yake ya shaba, akagonga fremu ya dirisha. S. A. M. A... Ansgar alikuwa anatembea sambamba na behewa, macho kwenye mkono wake. Samahani ni neno refu, na jukwaa la Shinyanga ni fupi. Limi akaliacha katikati. Akapiga themanini na nane.

Ansgar alisimama mwisho wa jukwaa, kofia mkononi. Mwamvua alimuuliza kama ameona jini.

Majuma matatu baadaye Herman alikuwa Kishapu, mguu kwenye plasta, akiwasimulia jirani zake uongo mtupu kuhusu dhahabu. Na Limi alisimama stoo ya Mzee Narendra, gauni la manjano lile lile, mkono juu ya shaba.

"Nilichosikia si changu," alisema, neno moja moja, kwa sababu sasa alijua uzito wake, "mpaka mwenyewe akisikie."

Wazee wakapiga makofi. Mama Kantaben akaleta chevda na chai ya tangawizi. Limi hakuchukua chai. Aliweka mikono kiunoni.

"Sasa mimi ni mwanachama. Siku ile ya foleni mlisema nini?"

Ansgar akamtazama Mzee Narendra, kwa maana ujumbe ule ulikuwa wa wao wawili. Mzee akaitikia kwa kichwa, akachukua penseli yake, akagonga mezani kwa mkono wake wa kukaza. Limi akasoma kwa sauti: "Sabuni imebaki mche mmoja. Ni wako."

Kisha Ansgar, kwa kidole, kwa mkono wake laini wenye kusita kidogo: "Mpe dada aliye nyuma yangu."

Limi alikumbuka kiberiti. Alikumbuka jinsi alivyotoka na mche mkononi akidhani Ansgar alikuwa amemsema.

"Na wewe," aliuliza polepole, "sare yako ulifulia nini?"

"Majivu," alisema Ansgar. "Wiki mbili."

Halafu, kwa kuwa kwa mdomo asingeweza mpaka Kiyama, akaweka kidole mezani tena. Aligonga kwa muda mrefu. Limi alisikiliza, kichwa kainamisha, machozi yakidondoka juu ya gauni la manjano. Alipomaliza, Limi akavuta kigongeo karibu, akajibu.

Aliloulizwa na alilojibu mimi nalijua, lakini ujumbe ni wa mwenyewe. Ninachoweza kusema ni kile ambacho Kishapu nzima ilikiona mwezi wa Desemba: ng'ombe wa mahari walipofika uani kwa baba yake Limi, nyuma yao alitembea kijana mrefu wa Ushirombo mwenye viraka magotini, amebeba kwa mikono miwili mche mmoja wa sabuni, umefungwa kwa karatasi ya telegramu.